Imebaki Vifungo Tu

Katika mtaa ule hakuna aliyejua kushona kama Mama Vifungo, na hakuna aliyejua kudanganya kama yeye. Nayasema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu wateja wake waliyasema hivyohivyo. Gauni likitoka mikononi mwake lilikukaa mwilini kama ulizaliwa nalo. Shida ilikuwa kutoka. Ukimpelekea kitambaa alikupima kwa utepe wake wa njano, akakusifia kiuno hata kama kiuno chenyewe kilishahama zamani, kisha akakupa siku. Siku ikifika, ulimkuta barazani nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, miwani imeteremkia puani, na kabla hujamaliza salamu alikuinulia uso wa huruma na kukwambia, "Imebaki vifungo tu, mpenzi. Pita kesho."

Imebaki vifungo tu! Kitambaa kiko chini ya meza, ndani ya mfuko uleule uliokuja nacho, hakijaonja mkasi. Aliwahi kumwambia hivyo mzee aliyeleta mashuka ya kukunjwa pindo. Mzee akashukuru, akaenda zake, akafika nusu ya njia ndipo aliposimama kujiuliza shuka lina vifungo wapi. Siku hiyo ndiyo jina lilipopatikana, na tangu hapo hata mchungaji wake alimwita Mama Vifungo.

Mtu asimwone mnafiki. Mama huyu alimpenda Mungu kweli. Kila Ijumaa alifagia kanisa, na hakufagia kama wale wanaosukuma vumbi chini ya mabenchi. Mgonjwa akilazwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika na chupa ya chai. Sauti yake katika kwaya ilikuwa ya kuwafunika wenzake, lakini alijua kuipunguza. Hakuiba, hakusengenya sana. Kuhusu kuwapiga wateja kalenda, alikwisha kujisamehe mwenyewe bila kumsumbua Mungu. Hiyo ilikuwa lugha ya kazi. Jirani yake wa baraza, fundi viatu, mcheshi asiyeingia kanisani ila kwa harusi na mazishi, alimuunga mkono. "Fundi asiyedanganya," alikuwa akisema huku akipiga misumari, "huyo bado hajahitimu."

Uongo wake mmoja tu ulikuwa umemuumiza mtu, na mtu huyo ni binti yake wa pekee.

Binti alipokuwa anaolewa, ilikuwa wazi kwa dunia nzima nani atashona gauni. Kitambaa cha satini nyeupe kilinunuliwa mapema, kikawekwa juu ya kabati. Lakini mganga hajigangi. Ilikuja kazi ya sare za kwaya, ikaja ya mke wa mkubwa fulani, na kila binti alipouliza aliambiwa limebaki vifungo. Asubuhi ya harusi mikono ya gauni ilikuwa bado haijaungwa na mwili wake. Binti akaolewa na gauni la kuazima la rafiki yake mnene, limekazwa mgongoni kwa pini. Picha ya siku ile iko sebuleni mpaka leo. Bibi harusi anatabasamu vizuri, ila mabega ameyakaza kama askari kwenye gwaride, maana angelegea kidogo pini zingemchoma.

Mama alipoulizwa alisema umeme ulikatika.

Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu! Binti alijifunza kusimama akiwa ameshikilia gurudumu la cherehani hiyo. Alimtazama mama yake, akasema, "Sawa mama." Hakulia wala hakugomba. Toka siku ile hakuwahi kumpa mama yake hata kipande cha kushonea leso. Mama akimwambia, "Lete nikupunguzie hiyo sketi," alijibu kwa adabu zote, "Usijisumbue mama." Neno lenyewe ni la heshima, lakini Mama Vifungo kila akilisikia alihisi amefungiwa mlango taratibu. Mwenye kovu, wahenga walisema, usidhani kapoa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi kanisa lilipofanya juma la maombi ya uamsho. Akaletwa mhubiri mgeni, mwembamba, asiyepiga kelele, jambo lililowakatisha tamaa wengi. Siku ya mwisho alisema maneno machache yaliyomkaa Mama Vifungo kooni. "Iko dhambi ambayo ukiiona unaikimbia," alisema. "Na iko nyingine umeizoea hata ikija unaivutia kiti. Leo mwombe Mungu akuonyeshe nani amekaa kwenye kiti chako."

Mama Vifungo akajipekua. Pombe? Hapana. Uzinzi? Kwa magoti haya? Wivu? Kidogo, kwa yule mwimbaji wa pili. Hakuona kitu cha maana, lakini moyo ulikuwa umemlainika, akaenda mbele na wengine, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli. Akaomba afanywe upya. Akainuka mwepesi, uso unang'aa, leso mkononi imelowa.

Nje, uwanjani, mwenye duka la dawa alikuwa anamsubiri. Ni mama mwenye sauti ya kuagiza, hata akiwa anakusalimia.

"Bwana asifiwe, Mama Vifungo. Gauni langu vipi?"

"Amina, mpenzi. Limebaki vifungo tu."

Lilitoka lenyewe. Amina na uongo vilitoka kwa pumzi moja, machozi ya toba bado hayajakauka shavuni. Kitambaa cha yule mama kilikuwa chini ya meza, na juu yake alikuwa amelala paka. Mama Vifungo akasimama pale katikati ya watu wanaoagana, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani akamwona aliyekaa kwenye kiti. Alikuwa mtu anayemfahamu sana.

Mwenye duka la dawa alikuwa amekwisha kufika getini. Mama Vifungo akamkimbilia, na yeye si mtu wa kukimbia.

"Mama, nimekudanganya," alisema akihema. "Gauni lako hata sijalikata."

"Hujalikata?"

"Paka amelilalia."

Sasa tazama binadamu alivyo. Mama yule alikuwa amedanganywa na fundi wake miaka yote na akamvumilia, lakini siku alipoambiwa kweli alikasirika hadi wapita njia wakasimama. Alimwita mwongo, mchafu, mlokole wa bandia. Mama Vifungo akasimama akapokea yote, leso yake mkononi. Alipofika nyumbani alimwondoa paka kwa adabu, akakata kitambaa, akashona mpaka mgongo ukamuuma, akapeleka gauni mwenyewe.

Mimi nampendea hapo. Wengi wetu tukiokoka tunataka dhambi kubwa za kushuhudia, zenye mito ya pombe na visu. Yeye aliiona dhambi ya ukubwa wa kifungo, na hakuidharau. Alijiwekea sheria moja: uongo ukimtoka, siku hiyohiyo anamfuata aliyemdanganya, kwa miguu, anausema. Fundi viatu alipoelezwa alicheka mpaka akajigonga kidole.

"Dada, utauzunguka mji mzima! Wateja wako ni wengi kuliko wapiga kura."

Na kweli aliuzunguka. Majuma ya mwanzo yalikuwa ya aibu. Mazoea yana taabu, na ulimi ulishajifunza njia yake. Mtu akitokea kwenye kona tu, maneno yalishafika kwenye meno. Wakati mwingine aliyameza, wakati mwingine yalimponyoka, na jioni ungemwona anapanda kilima cha nyumba za juu akiwa ameshika kiuno, anakwenda kumwambia mtu kwamba suruali yake haina hata zipu. Aliwahi kumfuata karani wa posta hadi nyumbani kwake, akamkuta anakula, akamwambia ukweli mlangoni, akakataa kuketi. Magoti yalimuuma, na maumivu yale yalimfundisha kuliko mahubiri. Mumewe, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, alimkandia magoti kwa maji ya moto. "Ungesema kweli asubuhi," alimwambia, "jioni ungekuwa umelala." Siku nyingine alitania kwamba sasa mkewe akisema chakula kiko tayari, yeye huleta kiti, zamani alikuwa anakwenda kuoga kwanza.

Kazi nayo ikayumba. Watu wamezoea kubembelezwa. "Nitakumalizia Alhamisi ya juma lijalo," alimwambia mteja mmoja, na mteja akanuna. "Si useme kesho tu, nijue moja!" Wengine walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kesho zake zilikuwa tamu. Mama Vifungo aliwaona wakivuka na mifuko yao, akakanyaga cherehani yake. Usiku mmoja alimwambia Mungu waziwazi kwamba utakatifu huu unamchosha, na kwamba kama kuna njia nyingine angependa kuijua. Hakujibiwa. Asubuhi akafungua baraza kama kawaida.

Pole pole, wachache wakaanza kurudi. Walikuwa wamegundua jambo: Alhamisi ya Mama Vifungo ilikuwa Alhamisi.

Lakini jambo lililomnyima usingizi halikuwa wateja. Kwa wateja wote alikuwa ametembea. Kwa binti yake, anayekaa mwendo wa nusu saa tu, hakuwa amekwenda. Yaani alikwenda kila mara, kumwona mjukuu, kubeba ndizi, kuzungumza habari za meno yanayoota. Uongo wa umeme alikwenda nao na kurudi nao. Safari ile ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko kilima cha nyumba za juu.

Mtoto alikuwa abatizwe Jumapili ya mwisho wa mwezi. Hapo Mama Vifungo akapiga moyo konde. Alimkuta binti yake anaanua nguo uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Siku ile ya harusi umeme haukukatika."

Binti akabaki na nepi mkononi. "Najua mama," alisema baadaye. "Cherehani ni ya kukanyaga."

"Nilikuwa sijaunga mikono. Nilichukua kazi za watu nikaiacha yako, nikijua wewe ni wangu, utanivumilia. Halafu nikakudanganya siku ya harusi yako. Nisamehe, mwanangu."

Binti aliikunja ile nepi, akaikunja tena, ikawa ndogo kama bahasha. Machozi yalikuwa karibu lakini aliyazuia. Katika hilo amemrithi baba yake.

"Nilishakusamehe mama. Siku ileile. Ila kukusamehe ni kitu kimoja, na kukuamini ni kingine. Cha pili hicho kimenishinda. Najaribu, nashindwa."

Hakuna matusi ya mwenye duka la dawa yaliyomchoma Mama Vifungo kama maneno hayo yaliyosemwa kwa upole. Hakujitetea. Akasema, "Satini yako ninayo bado. Nipe ruhusa nimshonee mtoto gauni la ubatizo."

Binti aliiweka ile nepi juu ya nguo nyingine. Mama akasubiri lile neno, usijisumbue.

"Shona mama," binti alisema hatimaye. "Lakini na la dukani nitanunua."

"Nunua mwanangu," alijibu Mama Vifungo. "Una haki."

Akarudi nyumbani, akashusha sanduku. Gauni la harusi lilikuwa limelala ndani jinsi lilivyoachwa, mikono yake miwili pembeni. Alilifumua yeye mwenyewe, uzi kwa uzi, na mumewe aliyekuwa akipita alimwona anafumua na kulia, akaenda kuchemsha chai. Kisha akakata upya, kidogo, kwa mkono wa mtu anayejua kitambaa hiki hakina ndugu. Akashona kigauni chenye kola ya mviringo na pindo la ndani lililofichwa vizuri hata ngozi ya mtoto isiliguse. Kwa nyuma, kuanzia shingoni hadi kiunoni, alipanga vifungo vidogo vya kufunikwa kwa satini ileile.

Jumamosi, mkesha wa ubatizo, palikuwa na kazi nyingine moja. Mjane mmoja alikuwa ameahidiwa gauni lake jeusi kabla ya saa sita, aende nalo kwenye kumbukumbu ya mumewe. Asubuhi ile uzi mweusi ukawa unakatika, bobini ikagoma, saa zikakimbia. Kigauni cheupe kilikuwa pale kwenye ndoano, kinasubiri vifungo, na Mama Vifungo alikitazama kwa jicho la mama.

"Mwambie huyo mjane apite kesho," fundi viatu alishauri. "Hili la mjukuu ndilo la roho yako."

Alishawishika, tusidanganyane. Neno lilifika kwenye meno. Lakini alijua kwamba binti yake aliachwa siku ile kwa njia hiihii, kwa kumsogeza mtu mmoja ili kumpisha mwingine. Akamaliza gauni jeusi. Mjane akalichukua, akambariki, akaenda. Ndipo akavuta kigauni cheupe mapajani, akatunga uzi, na simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Gauni vipi?"

Mama Vifungo alifungua mdomo, akaufunga. Tangu majuma yale ya mwanzo hakuwa ameruhusu maneno yale matatu yapite tena midomoni mwake. Na sasa, kati ya siku zote, yalikuwa kweli tupu.

"Mwili nimeunga," alianza. "Kola nimeshaweka. Mikono nimeunga, yote miwili. Pindo tayari."

"Kwa hiyo limekwisha?"

Angeweza kusema ndiyo. Vifungo vya kitoto vile vingekwisha kabla binti hajafika, nani angejua? Fundi viatu alikuwa ameacha nyundo hewani.

"Halijaisha, mwanangu," alisema. "Limebaki..." Akafumba macho. "Limebaki vifungo tu."

"Nakuja," binti alisema, akakata.

Mama Vifungo hakuweza kushona tena. Sindano ilimchoma kidole, akasogeza satini mbali isije ikapata damu. Alikaa tu, sindano mkononi, akitazama kona ya barabara. Kila safari aliyotembea, kila kilima, kila mlango, aliona imekuja kuishia pale.

Binti akatokea, mtoto mgongoni, mfuko wa dukani mkononi. Alipanda barazani bila salamu. Akakitoa kigauni kwenye meza, akakigeuza ndani nje kama mtoto wa fundi anavyojua kugeuza, akapitisha kidole kwenye mishono, kwenye kola, kwenye makwapa. Akavuta mikono kuona kama imeungwa. Imeungwa. Akakigeuza tena, akatazama mgongo wa kigauni, vitanzi vimejipanga, na kando kwenye kisosi vifungo vyenyewe vimefunikwa, vinasubiri.

"Kumbe ni kweli," alisema kwa sauti ndogo.

Akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa bibi yake. Akavuta kigoda, akaketi, akaichukua sindano mikononi mwa mama yake. Alikuwa hajashika sindano katika baraza lile tangu harusi. Kifungo cha kwanza kilikaa kombo kidogo, akakikata, akakirudia. Mama Vifungo alimshika mjukuu kifuani na machozi yakamtiririka bila leso, naye hakuyafuta.

Fundi viatu alishindwa kuvumilia. Alinyoosha shingo kutoka upande wake wa baraza.

"Enhe, huko vipi? Mmefika wapi?"

Binti alikuwa na uzi katikati ya meno. Alikata, akamtazama mama yake, na mabega yake yalikuwa yamelegea.

"Imebaki vifungo tu," alisema, wakacheka wote, hadi mtoto akashtuka akaanza kulia.